Kabla hujampigia dalali

Mwenye nyumba katupa miezi mitatu. Hakuna ugomvi wowote, kijana wake anaoa baada ya Iddi na nyumba aloipangia ni hii hii tunayokaa sisi hapa Mpendae, tena alikuja mwenyewe na mkewe na sahani ya visheti, akakaa ukumbini akazungukaaa na habari za mvua na bei ya sukari mpaka mwisho akafika alipokuwa anakwenda. Huwezi kumkasirikia mtu alokuletea visheti. Toka siku ile kila ninaekutana nae ananambia "namjua dalali mmoja mzuri", simu yangu ishajaa namba za madalali na bado sijapiga hata moja.

Manake dalali yeye ana masuala mawili tu, vyumba vingapi na una shilingi ngapi. Ukimjibu hayo mawili anakutia kwenye bodaboda anakuzungusha Fuoni, Tomondo, Kisauni mpaka jua likuchome kichwa, na ile ya mwisho unasema sawa kwa sababu umechoka. Nimeona ndugu zangu wangapi wanakaa nyumba za namna hiyo, nyumba za kuchoka. Kwa hiyo mie nimechukua daftari la hesabu la mwanangu, kurasa za nyuma, na usiku watoto wakilala nakaa najiuliza mwenyewe kabla sijaulizwa na mtu.

La kwanza nilidhani ni jepesi, nani atakaa humo. Sisi wawili na watoto watatu, basi watano, andika vyumba viwili na ukumbi, watoto wote bado wadogo. Mume wangu ndo hesabu yake hiyo na hataki kuisogeza, anasema chumba cha tatu ni kodi ya bure. Nikampigia mama kumpa habari, yuko Wete kule Pemba, hata salamu hazijesha ananiuliza, "Mwanangu, na sie tukija utatulaza wapi?"

Hapo ndipo hesabu ya watano ilipokufa. Sisi watu wa Pemba tulohamia Unguja nyumba zetu si zetu peke yetu, asoelewa hilo hajawahi kuwa na jamaa. Boti ya Mkoani ikifunga Malindi mjomba yumo, anakuja hospitali ya Mnazi Mmoja kuangaliwa macho, akishaangaliwa anaambiwa arudi baada ya wiki mbili, sasa wiki mbili hizo arudi Pemba afanye nini? Anakaa. Binti wa wifi yangu kapata nafasi SUZA, chuo kiko Tunguu, anasema atatafuta hosteli, na sote tunajua hatatafuta. Bado harusi, bado msiba, bado yule anaekuja kununua vitu Darajani anasema analala siku moja. Nikiandika watano najidanganya. Watu wa nyumba yangu kwa mwaka mzima ni saba na nusu, na huyo nusu ni mama, ambae anakuja anakaa miezi kisha anadai hajakaa.

Kwa hiyo suala si vyumba vingapi. Suala ni mgeni mwanamme akilala ukumbini mie asubuhi nitapita wapi kwenda jikoni bila kujitanda kama naenda sokoni? Nikimwambia mume wangu hivi ananyamaza, kisha anasema "hiyo kweli", kisha anarudi kwenye vyumba viwili.

Na hapo hapo likazaliwa jengine la mlango. Kuna nyumba ukifungua mlango wa mbele mtu alokaa kwenye baraza ya jirani anakuona mpaka uwani, anaona sufuria gani iko jikoni na nani kavaa kanga gani. Wajenzi wa zamani walikuwa wanalijua hili, unaingia ukumbi mdogo kwanza, halafu unakata kona, ndo ndani. Hizi nyumba mpya watu wamechukua ramani za kwenye simu, mlango unatazamana na mlango, upepo unapita vizuri sikatai, lakini na macho nayo yanapita. Huenda mwengine hajali. Mie najali, nimeandika.

Sasa maji. Hapa ndo nimekaa siku nyingi zaidi.

Dalali akiulizwa kuhusu maji anajibu "maji yapo". Sijawahi kusikia dalali akasema hayapo. Lakini yapo namna gani? Ya ZAWA, mamlaka ya maji, yanatoka siku gani na saa ngapi, manake kuna mitaa maji yanakuja saa nane ya usiku yanakaa masaa mawili yanakwenda zao, na kama huna tangi la lita elfu moja na mtu wa kuamka, basi wewe yanakupita tu unayasikia kwa jirani. Ndo suala la kujiuliza mwenyewe, si la dalali: katika nyumba hii nani ataamka? Mume wangu akilala hasikii hata adhana ya alfajiri mpaka nimtikise. Mie naamka kumi na moja niwahi daladala. Kwa hiyo ataeamka ni mie, na nikiamka saa nane hiyo kazini nitasinzia juu ya mafaili. Nyumba ya maji ya usiku bei yake si ile ya kwenye mkataba, kuna usingizi wangu juu yake.

Halafu kisima. Wengi wanakuonesha kisima kwa fahari, na kweli kisima ni neema, ila kisiwa chetu hichi ni jiwe la matumbawe na maji matamu yamekaa juu ya maji ya bahari, ukiwa karibu na pwani na watu wakavuta sana, chumvi inapanda. Shangazi yangu wa upande wa Chukwani maji yake unaosha nywele sabuni haitoi povu, na chai yake, Mungu anisamehe, unakunywa kwa adabu tu. Mie siku nikianza kuzunguka nakwenda na chupa yangu, nachota, narudi nayo nyumbani nachemsha chai ya maziwa. Chai ya maziwa haifichi kitu, ikiwa maji yana chumvi itakatika mbele ya macho yako, vile vidonge vyeupe vinaelea juu. Kama nitaonekana mshamba na kichupa changu sawa.

Na kisima hicho kinavutwa na nini? Waliokuwepo hapa 2008, mwezi wa tano, umeme ulipokatika Unguja nzima karibu mwezi, halafu tena kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, wanajua ninachosema. Umeme wetu unakuja kwa waya chini ya bahari kutoka bara, ukapata hitilafu, basi. Waya mkubwa mpya ukaletwa 2013 na mambo sasa si kama yale, alhamdulillah, lakini nakumbuka vizuri nani alipata maji na nani hakupata: walokuwa na kisima cha mdomo wazi wakateremsha ndoo na kamba kama bibi zetu, walokuwa na kisima kilichofunikwa zege na pampu ndani wakabaki kukitazama. Kwa hiyo naandika, kisima kifunguke.

Umeme wenyewe suala langu ni moja tu, mita. Mita ya Tukuza, hii ya kununua umeme kabla ya kutumia, ikiwa moja kwa nyumba mbili au tatu, jiulize una moyo gani. Kuna watu wana moyo wa kuchangishana kila wiki na kunyamaza wakati jirani kaunganisha friji mbili na anauza barafu. Mie sina. Nimejichunguza, sina kabisa, na afadhali nijue sasa kuliko nije nikose kusemezana na mtu wa Mungu kwa ajili ya barafu.

La masika naliandika kwa wino mwekundu. Sasa hivi ni kaskazi, kila uwanja mkavu, kila nyumba nzuri. Walokwenda kuangalia nyumba Januari ndo hao hao unaowaona Aprili wamepandisha magodoro juu ya kabati. Watu wa njia ya Fuoni wanakumbuka Kibonde Mzungu ilivyokuwa kabla ya daraja, na Mwanakwerekwe nayo ina pahala ambapo maji yakija yanakaa, hayapiti. Huwezi kungoja mvua, miezi mitatu haingoji. Lakini ukuta unasema. Angalia chini kabisa, nje na ndani, kama pana mstari ambapo rangi imebadilika, na kama mwenyewe kapaka rangi juzi mpaka usawa wa goti tu na juu kaacha ile ya zamani, hapo usiulize kitu, aga uondoke. Tena muulize mtoto wa jirani, si mkubwa. Mtoto atakwambia "hapa tunaogelea".

Kuna suala ambalo watu wanaliona aibu kuliuliza: nyumba hii ni ya nani hasa? Kule kazini kwangu kuna dada alikodi nyumba nzuri mno, akalipa mwaka mzima kwa kaka mmoja mpole. Mwezi wa nne akabishiwa hodi na kaka mwengine, "mie pia mrithi, hela yangu iko wapi?" Baba yao kafa, nyumba haijagaiwa, mjane ana thumni yake, moja ya nane, watoto wa kiume na wa kike kila mmoja na fungu lake, mmoja yuko Oman, mmoja haongei na wenziwe, na mkataba kasaini mmoja tu. Dada wa watu kafanya nini? Kalipa tena kidogo kununua amani. Mie sasa kabla sijatoa hata laki moja nataka kujua: kama ni urithi, warithi wote wamekubali na wameandika? Kama ni wakfu, anaekodisha ana ruhusa ya kukodisha? Na kwa sheha, mkuu wa mtaa, nakwenda mapema, si baada ya kuhamia na kitanda, manake barua ya sheha utaihitaji tu kwa mambo mia, na sheha anajua nyumba gani ina ugomvi kuliko dalali yoyote, ukimsalimia vizuri atakwambia hata usiyomuuliza.

Nikiri kitu, mie moyo wangu uko Mji Mkongwe. Nilikuwa nakwenda kwa bibi yetu mmoja Malindi nikiwa mdogo, ile baridi ya kuta nene mchana wa jua kali sijaiona popote tena. Nimejiuliza nikajijibu mwenyewe hapana. Mji umo kwenye Urithi wa Dunia toka mwaka 2000, na huwezi kubadilisha hata dirisha bila ruhusa ya Mamlaka ya Mji Mkongwe, na ndo vizuri, lakini kodi imekwenda kwa watalii, mwenye nyumba akipata mzungu wa siku tatu anaelipa kodi yako ya mwezi atakutazama vipi? Na nyumba zenyewe zimezeeka. Beit al-Ajaib iliporomoka upande mmoja Disemba 2020 mchana kweupe, jumba la Sultani. Nikiingia nyumba ya kule sasa macho yanakwenda juu kwenye boriti kabla sijasalimia.

Michenzani ilitajwa pia, kuna jamaa anataka kukodisha fleti yake. Karibu na kila kitu, skuli, soko, hospitali. Lakini juu kabisa, na mama na magoti yake hapandi. Tumelipita.

Linalobaki ndo lenye kutugombanisha, na si la nyumba ya kukodi. Tuna kiwanja upande wa Tunguu. Mjukuu wa mtu alopewa eka tatu baada ya Mapinduzi alikata kipande akatuuzia, sheha akashuhudia, hati ya matumizi tunaifuatilia mpaka leo, kwa sababu ardhi ya Zanzibar yote ni ya Serikali na wewe unapewa haki ya kuitumia, na karatasi ya mauziano tu haitoshi, hilo nawaambia na nyinyi mnaosoma. Msingi upo, kuta zipo mpaka kwenye linta, matofali yamebaki yanaota majani. Mume wangu anasema tukodi mbali na rahisi, hata Kwarara, tubane, ndani ya miaka mitatu tunaezeka. Mie nasema mbali hiyo ina nauli ya watu watano kila siku na watoto kurudi magharibi, ukipiga hesabu hicho kinachobakia hakinunui hata mifuko kumi ya saruji. Yeye anasema nimeiongeza nauli kwa makusudi. Kidogo kweli, lakini si sana.

Kwa hiyo suala lililoko juu ya ukurasa sasa hivi, limepigiwa mstari na yeye, kalamu yake, ni: tunatafuta pa kukaa au pa kungojea? Manake ya kungojea unavumilia hata mlango unaotazama barabara, na ya kukaa huvumilii. Hatujakubaliana. Tumekubaliana tu kwamba tuwe tumehama kabla Shaaban haijesha, sitaki kufuturu juu ya maboksi, na kwamba Alkhamisi tunakwenda kuitazama ile ya Kwarara, tena tunakwenda baada ya isha, sio mchana, tupande daladala kama tutakavyopanda kila siku, tuone inachukua muda gani na taa za njiani zipo au hazipo. Kichupa cha maji nshakiosha.