Utando wa Chini

Agosti 2015 nilikuwa mwanafunzi Durango, jimbo la Colorado, Marekani, mji unaopitiwa katikati na Mto Animas. Alhamisi ya tarehe 6 habari zilitapakaa kwamba jana yake, juu milimani karibu na Silverton, maji yalikuwa yamefumuka kutoka Gold King, mgodi wa dhahabu ulioachwa tangu miaka ya 1920. Kikosi kilichotumwa na serikali kilikuwa kikifukua kifusi kilichoziba mlango wa mgodi, kikitafuta namna ya kupunguza uvujaji. Shinikizo la maji yaliyojaa nyuma ya kifusi halikupimwa kwanza. Kifusi kikaachia. Siku za mwanzo tuliambiwa zimemwagika galoni milioni 1. Baadaye serikali ikakiri ni milioni 3, yaani lita zaidi ya milioni 11.

Jioni tulijazana darajani kuyasubiri maji hayo. Hayakuja kwa kishindo, wala mto haukufurika. Maji yaligeuka kijani chafu, kisha manjano, na kulipokucha mto mzima ulikuwa rangi ya chungwa, mzito, hata mawe ya ukingoni hayaonekani. Mwanamke mmoja kando yangu alikuwa akilia waziwazi na hakuna aliyemwambia nyamaza.

Kesho yake mwalimu wetu wa jiolojia alitupandisha Silverton, mahali kijito cha Cement Creek kinapoingia Animas. Kijito ndicho kilichoyateremsha maji ya mgodi. Mkondo mmoja ulikuwa angavu, mwingine wa kutu, na kwa mwendo mrefu vilikwenda sambamba kabla ya kuchanganyika.

Mwalimu alitugawia glavu, akaniambia niokote jiwe lolote kijitoni. Jiwe lilikuwa limevikwa utando wa njano, laini, wenye kuteleza kama ute wa bamia. Nikaufuta kwa kidole gumba. Chini yake kulikuwa na utando wa pili, mwekundu, mgumu, ulioshikamana na jiwe kiasi kwamba hata ncha ya kisu ilikwaruza tu.

“Huo wa juu ni wa juzi,” alisema. “Huo wa chini je?”

Hapo ndipo nilipoelewa tulichoitiwa. Milima ile ina madini mengi ya pairaiti, mchanganyiko wa chuma na salfa. Yakiwa yamefukiwa ndani ya mwamba hutulia. Ukichimba mahandaki, hewa na maji vinayafikia, inazaliwa tindikali ya salfa, na tindikali hiyo inayeyusha metali kama zinki, kadimiamu, shaba na risasi zilizokuwa zimelala mwambani. Mchimbaji akiondoka, kazi hiyo haisimami. Mwalimu alikuwa mwadilifu kutuambia kwamba sehemu ya kutu ile ni ya milima yenyewe, ilikuwepo kabla ya sururu ya kwanza. Lakini mashimo yameiongeza mno, na yamekuwa yakitiririsha sumu kila siku kwa zaidi ya miaka mia.

Jambo lililonishika zaidi ni hili: rangi iliyotutoa machozi darajani ilikuwa chuma, ambacho kati ya vyote vile si ndicho cha kuogopwa sana. Zinki na kadimiamu, vinavyowamaliza samaki taratibu, vikishayeyuka majini havionekani kwa macho.

Wiki iliyofuata mto ulirudi kuwa angavu. Vifaranga vya samaki waliokuwa wamewekwa majini ndani ya vizimba ili kupima sumu walikuwa hai karibu wote. Mto ukafunguliwa, mashua za watalii zikarudi, waandishi wakafungasha kamera. Kule chini, kwenye Mto San Juan ambamo Animas humwaga maji yake, wakulima wa Shiprock wa kabila la Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, walikuwa wamefunga mifereji yao katikati ya msimu, na mahindi yakawakaukia mashambani. Habari yao haikupewa hata robo ya nafasi iliyopewa picha za maji ya njano, na hilo linaniuma hadi leo.

Oktoba mwaka huohuo mtambo wa kusafisha maji ya mgodi ulianza kazi Gladstone, juu ya Silverton. Maji hutiwa chokaa ili tindikali ipungue, madini yanatuama kuwa tope, na tope nalo linatafutiwa mahali pa kuhifadhiwa. Septemba 2016 eneo lote liliingizwa kwenye orodha ya kitaifa ya maeneo ya kusafishwa, likiwa na vyanzo 48 vya uchafuzi. Gold King ni kimoja tu kati ya hivyo. Waliotoboa mashimo ya kwanza walishazikwa, dhahabu yao ilishauzwa, na chokaa ya leo inanunuliwa kwa kodi za watu ambao hawakuwa wamezaliwa.