Dirisha la kibla na mrehani wa bibi

Nyumba yetu iko Kiponda, Mji Mkongwe wa Unguja, ghorofa ya pili, kuta za mawe na chokaa nene kama nusu mita. Joto haliingii upesi, na mwanga ndiyo kabisa. Mwaka wangu wa kwanza wa kuotesha vitu chumbani ulikuwa mwaka wa mazishi. Mrehani ulirefuka kama uzi, shina jeupe, majani manne juu, wote umelalia dirishani kama mtu anayechungulia nani kapita kichochoroni. Bibi alikuwa akiingia, anautazama, anasema, "Huo si mrehani, mjukuu wangu, huo ni mgonjwa." Na yeye ndiye mwenye shida nao, wa kutilia kwenye kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, pamoja na asumini zake.

Nikanunua taa. Duka moja, silitaji, waliniuzia ya zambarau, "maalumu kwa mimea", boksi limeandikwa wati 45. Hiyo zambarau ina sababu yake: majani hunyonya zaidi mwanga mwekundu na wa buluu, basi wakazichanganya hizo mbili. Lakini jaribu kuishi nayo! Usiku dirisha linawaka kama ukumbi wa harusi, watoto wa chini wanauliza bibi harusi nani, na mimi mwenyewe chini ya rangi ile siwezi kujua jani lipi limegeuka manjano na lipi lina wadudu. Rafiki yangu fundi umeme akaipima: wati 11. Iko kabatini hadi leo.

Nikahamia kwenye tubu laiti za LED, mbili, wati 18 kila moja, nyeupe ile inayoelekea buluu. Nyeupe ina rangi zote ndani yake, na hiyo buluu husaidia mche ubaki mfupi na mnene. Hapo nikafanya kosa la watu wote, nikazitundika juu karibu na dari kama taa ya chumba. Nilipoweka programu ya kupima mwanga kwenye simu nikaona aibu: juu ya majani zilifika luksi 500 tu. Nikazishusha kwa kamba hadi kiganja kimoja juu ya miche, zikapanda mpaka 6,000 hivi. Balbu ya duara ndiyo mbaya zaidi kwa hili. Ukiisogeza mbali mara mbili mwanga wake unabaki robo. Tubu ndefu, kwa vile imetandaa, unabaki kama nusu.

Kosa la pili: nikaziacha zikiwaka usiku na mchana, nikidhani nawafanyia hisani. Mrehani ulivumilia. Nyanya baada ya wiki mbili zikaanza madoa ya manjano kwenye majani, nikadhani mbolea, nikaongeza samadi, ikawa balaa juu ya balaa. Kumbe nyanya haziwezi kukaa bila giza kabisa, majani hudhurika. Nilipozirudishia usiku wao, majani mapya yakatoka kijani.

Lakini jambo lililonichukua muda kulielewa ni jua lenyewe. Mwezi wa Januari, kiangazi, jua la utosi, Forodhani watu wanatafuta kivuli, na dirisha langu saa sita mchana linasoma luksi 1,900. Mwezi wa Julai, kipupwe, bibi kajifunika shali, dirisha lile lile linapita 40,000 kwa karibu saa mbili nzima. Nilidhani simu imeharibika.

Jibu nilikuwa nalielekea mara tano kwa siku. Dirisha langu linatazama kibla, na kibla yetu hapa Unguja ni kaskazini takriban moja kwa moja. Sisi tuko kama nyuzi 6 kusini ya ikweta. Kuanzia mwanzo wa Machi hadi mwanzo wa Oktoba jua la mchana hupita upande wa kibla. Miezi iliyobaki huwa mgongoni kwetu. Kwa hiyo katika miezi ya joto kali kabisa, chumba changu hakipati hata mwale mmoja. Na mimi taa nilikuwa nazipangia kwa kuhisi joto!

Sasa swichi ya saa naibadilisha kwa msimu. Julai taa zinawaka saa tisa alasiri mpaka saa mbili usiku tu. Mchana dirisha linajitosheleza, na kuongeza luksi 6,000 juu ya 40,000 ni kumwagia bahari kikombe cha maji. Kwenye masika, mawingu yakitanda, naziwasha tangu asubuhi. Januari zilikuwa zikikaa saa 14 kwa siku, kiasi cha uniti 15 kwa mwezi kwenye Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, wakati Julai hazifiki 6. Na kitu kimoja cha bure: jirani wa mbele alipopaka ukuta wake chokaa nyeupe, dirisha langu lilitoka 1,900 likakaribia 3,000 bila mimi kununua chochote. Nilimpelekea sahani ya kaimati, hakujua za nini.

Uniti 15 ndizo zilizonifanya nitazame upande wa pili wa ukumbi. Chumba cha bibi kinatazama kusini. Maana yake, jua likinikimbia mimi mwezi wa Oktoba linahamia kwake. Nikamwendea na hoja kwamba vyungu vihame kama majahazi, msimu wa pepo za kusi kwangu, wa pepo za kaskazi kwake, na taa zifuate, za kuzibia jioni tu.

Tulijadiliana siku tatu. Mrehani umekubaliwa, vyungu sita, juu ya kasha lake la nguo, chini yake sinia ili maji yasiingie kwenye kanga. Nyanya hapana, zinanuka. Taa iwe moja, na izimwe mara tu adhana ya Isha ikisikika. Nikamwambia Isha ni mapema mno, angalau saa tatu. Akanambia basi niutafutie mrehani wangu nyumba nyingine.

Nimeiweka swichi saa mbili kasorobo.