Tulivyogombana mbele ya makuruta

Mkufunzi wa makuruta wa polisi aliyenipigia simu alitaka waigizaji wa zoezi lao, "watu wa kupiga kelele tu". Nikampelekea waigizaji wanne niliozoea kufanya nao kazi za jukwaani hapa Nairobi. Kisa: mume na mke wamekosana katika ploti huko Kayole, majirani wameita polisi.

Siku ya kwanza tuliboronga. Mwigizaji wangu alilia kilio cha jukwaani, kila mtu akamkodolea macho yeye, na kuruta akasahau kwamba mume yuko nyuma yake, karibu na jiko. Alipomkumbuka alimtia pingu bila kumwambia kosa lake. Tukapigiwa makofi, tukaenda kunywa chai.

Usiku huo nikatupa maneno yote niliyokuwa nimewaandikia. Kila mmoja nikampa kikaratasi: unataka nini, unaficha nini, na hasira yako iko wapi kati ya 1 na 5. Afande akikufokea, panda. Akikukalisha, akakuuliza jina kwa utaratibu, shuka. Hapo ndipo zoezi lilipopata uhai, kwa sababu kuruta alianza kuvuna alichopanda papo hapo. Kazi ilikuwa kuwazuia waigizaji wasishuke kwa kumhurumia kijana anayetokwa jasho. Wana roho laini mno, hawa watu.

Rungu lilikuwa la sponji, kila mtu alipekuliwa kabla ya kuanza, na neno "embe" lilisimamisha kila kitu.

Mume nikamwambia asisikie lugha nyingine ila Kikamba. Makuruta walikuwa wamekariri Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010, kwamba anayekamatwa aelezwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa. Kukariri ni rahisi. Mmoja aliduwaa, kisha akamwita jirani atafsiri. Hakujua kikaratasi cha jirani kinasema yeye ni dada wa mke, na anatafsiri anavyotaka.

Baada ya kila zoezi mwigizaji huzungumza kwanza, mkufunzi baadaye. Mke alimwambia kuruta huyo, bado ana shuka begani: "Uliniuliza mara tatu kama amenipiga. Mara zote tatu alikuwa ananitazama."

Kijana akaomba arudie. Safari hii alimpisha mama mlangoni, wakatoka hadi kwenye kamba za nguo, ndipo akafungua daftari.