Jinsi nilivyovuka kilo 20 kwenye benchi

Wale mnaoanza jimu na kwenye benchi, yaani kulala chali na kusukuma chuma juu, kilo hazipandi, hii inawahusu. Chuma kirefu cha kawaida kikiwa kitupu kina kilo 20, halafu jimu nyingi za mtaani kisahani kidogo kabisa utakuta ni cha kilo 5, ukiweka huku na huku tayari ni 30, yaani umeongeza nusu nzima kwa mpigo mmoja, mtu anayeanza ataweza wapi? Mimi ndo nilikwama hapo, 20 nyepesi, 30 hainyanyuki.

Kilichonisaidia ni kuacha kukimbilia kilo nikaanza kuongeza idadi. Nikachukua dambeli, vile vyuma vifupi vya kushika kimoja kila mkono, za kilo 8, raundi tatu, kila raundi nasukuma mara 8, nikizizoea napiga 9, kumi, mpaka raundi zote zifike 12 bila kunyanyua kiuno kwenye benchi, ndo nahamia za kilo 10 na kurudi kupiga mara 8 kila raundi. Kati ya raundi napumzika dakika 2 kamili, hili watu wanalidharau mno jamani. Siku tatu kwa wiki, zisifuatane, maana misuli inajengeka ukiwa umepumzika na umekula, na chakula sio lazima kiwe cha bei, maharage, mayai na dagaa vinafanya kazi vizuri tu.

Baadaye nikanunua visahani vyangu viwili vya kilo 1.25, natembea navyo kwenye begi. Nikiongeza naongeza kilo 2.5 basi, na ile 30 sasa hivi napiga mara 10 safi kabisa.