Siku niliyodhani sampuli yangu imekufa

Matumbo ya ng'ombe yalifika maabara asubuhi katika ndoo ya barafu, yote manne bado yameshikana. Nilikuwa mwanafunzi mwenye kazi moja: kukwangua utando wa ndani wa tumbo la nne, yaani abomasamu, nitoe laisozaimu, kimeng'enya kinachovunja kuta za bakteria, na kupima nguvu yake. Nilikwangua na utando wa rumeni, yaani tumbo la kwanza, kwa kulinganisha, kisha nikaandaa ute wa yai la kuku, maana laisozaimu yake haina mashaka.

Kipimo chenyewe napenda kukitazama hadi leo. Unakoroga bakteria wa Micrococcus waliokaushwa katika bafa, yaani kimiminika kinachoshikilia uchachu usibadilike, mpaka iwe na ukungu mweupe, halafu unatia kimeng'enya. Kikianza kuvunja kuta za bakteria, ukungu unafifia, na spektrofotomita, mashine inayopima mwanga unaopita, inakuonyesha kasi yake.

Ute wa yai ulifanya kazi yake haraka. Rumeni haikubadilisha kitu, kama nilivyotarajia. Lakini abomasamu nayo, ambayo ndiyo niliyoamkia alfajiri, karibu haikufanya lolote. Nikarudia mara tatu. Mara ya tatu mikono ilikuwa inatetemeka, kwa sababu matumbo mengine yasingepatikana wiki ile.

Nikaenda kwa msimamizi wangu. "Mwalimu, sampuli imekufa. Nadhani ilichelewa kuwekwa kwenye barafu."

Hakugusia barafu. "Bafa yako ina pH ngapi?"

"Saba, Mwalimu."

"Na ndani ya abomasamu?"

Nikabaki nimeinamisha macho. pH ni kipimo cha uchachu: saba haina uchachu, ilhali abomasamu ni chachu.

Aibu yangu ni kwamba yote nilikuwa nimeyasoma. Tangu Alexander Fleming alipoitangaza laisozaimu mwaka 1922, wengi wameijua kama mlinzi: iko katika machozi, mate na ute wa yai, ikizuia bakteria wasiingie. Kwa mnyama anayecheua, mlinzi huyo amepewa kazi nyingine. Bakteria wa rumeni huchachusha majani, kisha husombwa na chakula hadi abomasamu, na huko wao wenyewe huwa chakula. Bila kuwapasua, naitrojeni na fosforasi waliyobeba ingepotea. Jeni moja ya kale ikajinakili tena na tena, hata ng'ombe leo ana jeni za laisozaimu zipatazo 10. Baadhi ya nakala hizo huzalisha kimeng'enya kwa wingi katika utando wa abomasamu, na protini yake imebadilika asidi moja ya amino baada ya nyingine hadi ikazoea uchachu. Ningeweza kuyaandika hayo yote kwenye mtihani. Mkono wangu, hata hivyo, ulichukua bafa iliyolifaa yai, nikampima ng'ombe kwa hiyo.

Nikatengeneza bafa ya pH 5, nikatia matone yaleyale niliyokuwa nimeyahukumu. Ukungu ukaanza kuondoka. Nilishika mrija mbele ya daftari mpaka nikaweza kusoma mwandiko wangu kupitia humo.

Mwalimu alikuja kutazama, akaniambia habari za langur, kima wa Asia anayekula majani na ambaye tumbo lake nalo huchachusha. Mwaka 1987 Caro-Beth Stewart, James Schilling na Allan Wilson walionyesha kwamba laisozaimu ya tumbo la langur imepata baadhi ya mabadiliko yaleyale ya ng'ombe, ingawa kima na ng'ombe walitengana zamani mno. Nilimwomba arudie. Sikuwahi kuona mageuzi yakiachia alama iliyo wazi kiasi hicho ndani ya protini moja.

Jioni, wenzangu walipoondoka, nilitaka kujua jambo moja zaidi. Nilitia asidi katika mirija miwili, mmoja wa yai na mmoja wa abomasamu, nikatia pepsini, kimeng'enya cha tumboni kinachokata protini, kwa kipimo sawa na kungoja. Nilipoitilia bakteria wapya, mrija wa yai ulikuwa umepoteza nguvu nyingi. Wa ng'ombe uliendelea kusafisha ukungu taratibu, nami nikaandika namba kila dakika hadi ukurasa ukajaa.