Siku moja maishani mwangu: Alhamisi ya kliniki ya selimundu

Saa 11:00 alfajiri

Alhamisi sina ruhusa ya kuchelewa. Ndiyo siku ya kliniki ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, na wagonjwa wetu si wa Mwanza mjini peke yao. Wapo waliopanda meli kutoka Ukerewe tangu jana wakalala kwa ndugu, wapo wa Sengerema na Misungwi wanaotoka kwao giza bado halijaisha. Mtoto aliyesafiri huku viungo vinamuuma asikute dirisha la maabara limefungwa. Chai ya rangi, viazi vitamu vya jana, daladala. Mimi ni mteknolojia wa maabara, kitengo cha damu. Huku kila aliyevaa koti jeupe anaitwa daktari, na mimi nimeshachoka kukataa.

Saa 1:00 asubuhi

Napokea zamu kutoka kwa wenzangu wa usiku, naandika joto la friji, kisha natengeneza dawa ya kwanza ya siku: maji ya sodiamu metabisalfaiti. Hii hutengenezwa asubuhi hiyo hiyo. Ikilala inapoteza nguvu, na ikipoteza nguvu itakwambia damu ni salama wakati si salama.

Kazi yake ni kuiondolea damu oksijeni. Unaweka tone la damu kwenye slaidi, unachanganya na dawa, unafunika kwa kioo chembamba, unaziba pembeni hewa isiingie, unasubiri. Baada ya muda unaitazama kwa hadubini. Chembe nyekundu za kawaida zinabaki duara. Zenye S, aina yenye kasoro ya himoglobini (protini inayobeba oksijeni), zinajikunja, nyingine kama mundu kamili, nyingine zimechongoka ncha mbili.

Shida ya kipimo hiki ni kwamba aliyerithi S kutoka kwa mzazi mmoja tu, tunayemwandika AS, chembe zake nazo zitajikunja kwenye slaidi. Mgonjwa mwenyewe, SS, hali kadhalika. Kwa macho huwezi kuwatenganisha kwa uhakika. Nimeona watu wazima wenye afya zao, wanaolima na kucheza mpira, wameishi miaka wakijiita wagonjwa kwa sababu ya karatasi iliyoandikwa "chanya" bila maelezo mengine. Kwa hiyo slaidi kwangu ni mlango tu. Jibu linatoka kwenye elektroforesisi, kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini kwa umeme.

Saa 2:30

Muuguzi wa kliniki ananiachia benchi kwa muda niongee na wazazi kabla hawajaanza kuingia kwa daktari. Leo bibi mmoja, ameketi na mkwewe na mjukuu, hakusubiri hata nimalize salamu.

"Mwanangu, huu ugonjwa kwetu haupo. Umeletwa."

Hakumtazama mtu, lakini kila aliyekuwa pale alijua anamsema nani. Mkwewe akajifanya anamfunga mtoto kanga.

"Shikamoo bibi," nikamwambia. "Huu hauletwi na mtu mmoja."

Hapo ndipo ninapotoa sarafu zangu mbili za shilingi mia mbili. Upande mmoja Karume, upande wa pili simba. Nampa baba mmoja sarafu moja, nampa mama mwingine ya pili, watu wasiohusiana, ili pasiwe na wa kujisikia vibaya. Karume ni A, himoglobini ya kawaida, simba ni S. Kila mmoja ana pande zote mbili mfukoni na haumwi. Mimba inapotungwa kila mzazi anatoa upande mmoja tu, na hachagui. Wakarusha: Karume na simba, mtoto AS, mzima kama wazazi wake. Wakarusha tena: Karume na Karume. Mara ya tatu simba na simba, na benchi zima likasema "eeh!" kama penalti imepigwa nje.

Mtoto mwenye ugonjwa wa SS anatokea simba wakitoka kwa wote wawili. Upande wa baba ukitoa Karume, mtoto wa aina hiyo hapatikani. Bibi alikaa akitazama zile sarafu, kisha akauliza swali zuri kuliko yote ya siku: "Kwa hiyo na babu yake huyu mtoto, mume wangu, huenda alikuwa nayo?" Huenda, au wewe bibi. Mkwewe akaacha kuifunga ile kanga.

Swali linalofuata huwa lile lile kila Alhamisi, leo kaliuliza baba aliyerusha: ikiwa ni mmoja kati ya wanne, na wa kwanza wangu tayari anaumwa, basi watatu wanaofuata watakuwa wazima? Nilimwambia arushe tena. Sarafu haikumbuki ilitua vipi mara iliyopita. Kila mimba inaanza upya na robo yake ya SS, nusu ya AS, robo ya AA. Zipo familia zenye watoto wanne wote wazima, na zipo zenye watatu wanaoumwa, wazazi wakiwa AS kwa AS vile vile. Hii robo imewadanganya watu wengi kwa sababu inaeleweka nusu, na nadhani sisi wa hospitali tunachangia tunapoitaja haraka haraka mlangoni.

Saa 4:00

Sampuli zinaanza kumiminika. Vichupa vyenye kifuniko cha zambarau, namba, jina, tarehe. Mama mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Dada, hapa mnapima DNA?" Najua anachoogopa. Mtaani DNA ni kesi ya ubaba. Nikamtuliza: hapa tunapima protini. Vipimo vya DNA vya ubaba vina sheria yake, ya mwaka 2009, na njia yake kupitia Mkemia Mkuu wa Serikali. Hakuna anayekufanyia kwa kuibia kwenye dirisha langu.

Mwanafunzi wangu wa mafunzo kwa vitendo alisikia, akataka kujua tofauti. Nikamweleza huku tunapanga vichupa. DNA ni maandishi marefu ya herufi nne, A, T, G na C, yamekaa ndani ya kiini cha seli kwenye jozi 23 za kromosomu, nusu ya kila jozi ya mama, nusu ya baba. Jeni ni kipande cha maandishi hayo chenye agizo. Kwenye kromosomu ya 11 kuna jeni inayoagiza mnyororo wa beta wa himoglobini, protini yenye asidi amino, yaani vipande vinavyoiunda, 146. Kwa mwenye S, herufi moja imebadilika: palipotakiwa GAG pana GTG. Basi asidi amino ya sita, badala ya kuwa asidi glutamiki, inakuwa valini. Hiyo herufi moja ndiyo inayozifanya himoglobini kushikana na kuwa vijiti virefu oksijeni inapopungua, na vijiti ndivyo vinavyoikunja chembe.

Kituko ni kwamba chembe nyekundu iliyokomaa, yenyewe inayoteseka, haina kiini wala DNA. Anayetaka kusoma DNA kwenye damu anatafuta chembe nyeupe.

Saa 5:00

Akaletwa mtoto wa miaka miwili mwenye karatasi kutoka kituo kingine: AS, mbebaji tu, hana ugonjwa. Lakini mikono na miguu imevimba, macho ya njano, na bandama inagusika. Nikamwuliza mama, aliongezewa damu lini? Wiki iliyopita.

Basi hapo karatasi haina thamani. A iliyoonekana kwenye kipimo ni ya mchangiaji. Mtoto SS aliyeongezewa damu ya mtu AA ataonekana AS kwa wiki nyingi, mpaka zile chembe za kuazima zife. Kwa kawaida tunasubiri miezi mitatu hivi. Daktari hangoji miezi hiyo ndipo aanze kumlinda mtoto, na mimi sikungoja: niliomba damu ya mama na baba. Jeni zao hazikuongezewa chochote. Ningekuwa na uwezo ningeiandika kwa wino mwekundu juu ya kila fomu ya maabara nchini: ameongezewa damu lini? Swali la sekunde tatu.

Saa 6:15 mchana

Umeme umekatika, elektroforesisi ikiwa katikati. Jenereta ikachukua muda wake. Tukaanza upya, hakuna namna.

Hiki kipimo nakipenda, sioni aibu kusema. Unapasua chembe, unadondosha himoglobini kwenye ukanda wa selulosi asetati, unapitisha umeme. Asidi glutamiki ina chaji hasi, valini haina. Kwa hiyo himoglobini A inavutwa haraka zaidi kuelekea upande chanya na S inabaki nyuma. Ukishapaka rangi nyekundu unaiona ile herufi moja ya DNA kwa macho yako matupu: mistari miwili kwa AS, wa A mnene kuliko wa S, mmoja wa S kwa SS, pengine na kivuli cha F, himoglobini ya kichanga, katikati.

Mama na baba wa yule mtoto wa saa 5: mistari miwili, mistari miwili.

Saa 7:30

Ugali, sangara, matembele. Mwanafunzi bado ana maswali: kitu kibaya hivi kwa nini hakijapotea? Inakadiriwa watoto 11,000 hivi huzaliwa na selimundu Tanzania kila mwaka, na zamani wengi wao hawakufika umri wa kuzaa. Jibu liko kwenye neti tunazolalia. Mwaka 1954 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alichapisha kazi yake ya Afrika Mashariki ikionyesha kwamba watu wa AS wanakingwa kwa kiasi fulani dhidi ya malaria kali. Palipo na malaria nyingi kwa vizazi vingi, mwenye AS aliishi akazaa, akapitisha. Ndiyo maana Kanda ya Ziwa tumejaa S. Ila kinga hiyo ni ya AS. Mtoto SS akipata malaria ni hatari kubwa, na neti yake haina mjadala.

Saa 8:30

Majibu ya familia moja yalitoka vile nisivyopenda. Mtoto SS. Mama AS. Baba, mstari mmoja tu, A.

Mwanafunzi alinitazama na macho yake yameshatoa hukumu. Nikamwambia akae chini. Kwanza, je, vichupa havikubadilishana? Tunarudia kwa damu mpya. Pili, kuna beta thalasemia, kasoro nyingine ya jeni ile ile, inayofanya mnyororo wa beta utengenezwe kidogo au usitengenezwe kabisa. Baba mwenye nakala moja ya hiyo, kwenye ukanda wangu anaonekana A tupu. Akimpa mtoto nakala isiyotengeneza kabisa, na mama akatoa S, mtoto ataonekana SS na ataugua kama SS. Inahitaji mashine inayopima kwa kiwango A2, aina nyingine ya himoglobini, na ukubwa wa chembe za baba, ndipo iondolewe kwenye hesabu.

Na hata yote hayo yakiisha, karatasi yangu ilitengenezwa kumtibu mtoto. Haikutengenezwa kuvunja nyumba. Majibu ya mama anapewa mama, ya baba anapewa baba, kila mtu chumbani peke yake, na hilo wanaelezwa kabla ya kutolewa damu. Nimewahi kusikia jibu la namna hii likitangazwa kwenye korido, sehemu ambayo sitaitaja, na huyo mama sikumwona tena kliniki, wala mtoto. Dawa aliziacha nani anajua wapi. Kwa hiyo nimeandika "rudia", nimeomba kipimo cha A2, nimempigia daktari mwenyewe badala ya kutuma karatasi.

Saa 10:00 jioni

Mama wa binti wa miaka kumi na minne alinisubiri nje. Ametumiwa video kwenye simu: kuna dawa Ulaya inabadilisha jeni, mtoto anapona. Ni kweli ipo. Uingereza iliidhinisha Novemba 2023, Marekani Desemba mwaka huo. Wanatoa seli za uboho za mgonjwa mwenyewe, wanakata sehemu ya jeni inayozuia himoglobini ya kichanga, wanazirudisha, na F inaanza kutengenezwa tena. Herufi yenye kosa haiguswi. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2. Nilimwambia na bei, sikuona sababu ya kumficha.

Akauliza kama binti akitibiwa hivyo wajukuu watakuwa salama. Hapana: mayai yake yanabaki na S, kila mtoto atapewa moja, na kitakachoamua ni mume atakuwa na nini. Kisha tukarudi kwenye kilichopo leo. Haidroksiurea, ambayo nayo inapandisha F kwa njia yake, anaimeza kila siku au anaruka? Anaruka, akienda shule. Hapo tuliongea muda mrefu kuliko kwenye ile video.

Saa 2:00 usiku

Miguu ndani ya maji ya moto. Ujumbe kutoka kwa mtoto wa kaka yangu, yupo Shinyanga, anaoa Desemba:

"Shangazi shikamoo. Nimepima nimeambiwa AS. Mchumba hajapima, na mama anasema tusimpime mtu kabla ya mahari, ni kumdhalilisha. Wewe unasemaje?"

Nimemwandikia hivi: "Marahaba. Mimi sisemi muoane wala msioane, akiwa AS hilo mtaamua nyinyi wawili mkijua hesabu yake. Ila asipimwe kwa kuviziwa. Mwambie kwanza majibu yako wewe, umwonyeshe na karatasi. Akikubali njooni pamoja Jumatatu kabla ya saa 4. Mulize pia kama ameongezewa damu mwaka huu. Mama yako nitampigia mimi."