Rochefort 10, Gitaa la Franco na Filamu ya Zaidi ya Saa Tatu

Kati ya bia kali zote ninazoweza kuzipata hapa Brussels, ninayoirudia ni Rochefort 10, bia nyeusi yenye kizibo cha buluu na kilevi cha asilimia 11.3. Inapikwa na watawa wa Kitrapisti, tawi moja la watawa Wakatoliki, katika abasia ya Notre-Dame de Saint-Remy, mkoani Namur, mahali ambapo historia ya kupika bia inarudi nyuma hadi mwaka 1595. Chupa yake ni ya sentilita 33 tu, na mtu aliyelelewa kwa chupa kubwa za kwetu anaweza kuidharau akiiona mezani. Asiidharau. Tusker ya nusu lita ina kilevi cha asilimia 4.2, na ukipiga hesabu utaona kwamba kichupa hiki cha watawa kimebeba zaidi ya mara moja na nusu ya pombe iliyomo katika Tusker hiyo. Ndiyo maana hainyweki kwa kugugumia; ukijaribu, koo lenyewe litakukataza.

Mhudumu wa baa ya Dar es Salaam hukuuliza kama unataka bia ya baridi au ya moto, na wale wanaoagiza ya moto, yaani isiyotoka kwenye friji, mara nyingi huchekwa na wenzao. Kwa bia hii wao ndio wenye haki. Ikitoka kwenye friji moja kwa moja inaonyesha utamu wa juujuu na ukali wa kilevi, basi. Iache katika bilauri yenye mdomo mpana kwa muda wa kutosha, ipate joto kidogo kidogo, nayo itaanza kufunguka: kwanza harufu ya zabibu kavu na tende, kisha sukari guru, kisha ganda la mkate uliookwa hadi ukaribie kuungua, na nyuma kabisa uchungu mdogo unaozuia utamu usikinaishe. Giligilani imo pia, lakini kwa kiasi kidogo mno hata nadhani nisingeitambua kama nisingejua kwamba watawa huitia. Joto la kilevi hulisikii mdomoni. Hulisikia kifuani, baada ya kumeza. Hamira huendelea kufanya kazi ndani ya chupa hata baada ya kufungwa, kwa hiyo chini hubaki mashapo, na mimi huyaacha humo chupani mpaka mwisho kwa sababu yanaiharibu rangi yake ya kahawia inayoelekea wekundu ukiiinua kwenye mwanga. Namba 10, kwa atakayejiuliza, inatokana na kipimo cha zamani cha Ubelgiji cha uzito wa maji ya kimea kabla ya kuchachuka, wala haihusiani moja kwa moja na asilimia ya kilevi.

Bia inayobadilika hivi inadai muziki wenye subira kama yake, na kwangu muziki huo ni wa mpiga gitaa wa Kongo, Franco Luambo, na bendi yake, TP OK Jazz. Uhusiano upo hata katika jina, kwa kuwa bendi hiyo, iliyoundwa Léopoldville (Kinshasa ya leo) mwaka 1956, ilipata herufi zake za OK kutoka OK Bar, ukumbi iliokuwa ikipiga. Na kuna jambo ambalo hunigusa kila ninaposoma jina la Namur kwenye lebo ya chupa: Franco alifariki tarehe 12 Oktoba 1989 katika hospitali ya mkoa huo huo, mbali na Kinshasa, akiwa na umri wa miaka 51. Kwa Waafrika wa kizazi cha wazazi wangu, Ubelgiji ilikuwa nchi iliyoitawala Kongo, na pia nchi ambayo gitaa lile lilinyamazia.

Wimbo ninaousikiliza zaidi nikiwa na bia hii ni Mario wa mwaka 1985, unaopita dakika kumi bila haraka yoyote. Madilu System anaimba, Franco anamsema kijana msomi anayelishwa na mwanamke aliyemzidi umri, na wasikilizaji wetu wasiojua Kilingala walielewa kisa kwa sauti tu. Kisha maneno yanakwisha na sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, inaingia. Magitaa yanashika vipande vifupi, yanavirudia, yanavirudia tena, na asiye makini ataapa kwamba hakuna kinachotokea. Msikilizaji aliyetulia atasikia gitaa moja likisogea hatua ndogo, jingine likilijibu, besi ikibadili mahali pa kukanyaga, na mwili wake utajua kabla ya akili.

Somo hilo hilo nililipata katika sinema, kwa mwongozaji filamu Chantal Akerman, mzaliwa wa Brussels. Filamu yake ya mwaka 1975 kuhusu mjane Jeanne Dielman ina urefu wa dakika 201, na sehemu kubwa yake tunamtazama mama huyo akipika, akiosha vyombo, akitandika kitanda na kuzima taa kila anapotoka chumbani, huku kamera ikikaa pale pale ilipowekwa. Siku ya pili viazi vinaiva kupita kiasi, na kwa mtazamaji aliyeivumilia siku ya kwanza yote, viazi vile vinatisha kuliko bunduki. Siku ya tatu anapika kahawa, anaionja, anaimwaga, anaanza upya. Sijaona kwingine mtu akionja kitu kwa uzito namna ile. Mwaka 2022 jarida la Uingereza la Sight and Sound liliwauliza wahakiki filamu bora kuliko zote ni ipi, na hii ikashika nafasi ya kwanza. Mimi nakubaliana nao bila kusita.

Hata hivyo siiangalii filamu hii nikiwa na Rochefort mkononi, na sishauri mtu afanye hivyo. Kilevi cha asilimia 11.3 hulegeza jicho, na Akerman anahitaji jicho lililo macho kabisa, linaloweza kugundua kifungo kimoja cha nguo ambacho hakikufungwa. Muziki wa Franco unasamehe mlegeo huo, pengine hata unaupenda. Kwa hiyo utaratibu wangu ni filamu kwanza, kwa kahawa au maji, kisha bia na Mario wakati bado viazi vile vinanizunguka kichwani. Rafiki zangu wengine hutaka kuanza na Rochefort 8, ya asilimia 9.2, wakidai kwamba ni nyepesi na yenye uwiano mzuri zaidi. Uwiano inao, sibishi, lakini inakwisha ladha mapema, kabla ya sebene kukolea.